Waya wa Usalama

Twaiba hakuitaka ile nyeusi. Hilo lijulikane mapema, kwa sababu baadaye kaka yake aliapa mbele ya watu kwamba walikubaliana. Hawakukubaliana hata kidogo. Yeye aliitaka ile ya mbao.

Ulikuwa mwisho wa mwaka tisini na saba. Hoteli za Diani zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine kwa sababu ya zile fujo za Likoni, watalii wamekimbia, na mvua ya El Nino inamwagika usiku na mchana kama iliyokodiwa. Hoteli moja iliyokuwa na bendi ikaamua kuuza vyombo vyake. Basi Alfani, kaka yake mkubwa Twaiba, aliyepiga gitaa katika bendi hiyo miaka kumi na mmoja, akafika Msambweni na amplifaya mbili ndani ya pikapu, moja nyeusi na moja ya mbao, zimefunikwa turubali. Alifuatana na Gedion, fundi mitambo wao, mtu wa Kakamega, ambaye alikuwa ameshafunga mizigo yake anarudi kwao.

Zote mbili zilikuwa ndogo, za kupigia nyumbani, na zote za valvu. Valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyokuwamo ndani ya redio za zamani. Ukiwasha umeme huna budi kungoja kidogo mpaka vishike moto na kuwa vyekundu, ndipo sauti itoke, na ikitoka ni sauti nene, yenye damu, si kama hizi za siku hizi zinazokwaruza masikio.

Na kwa nini mwanamke wa Msambweni anunue amplifaya? Kwa sababu alikuwa anapiga gitaa, na alikuwa anapiga kweli. Alfani ndiye aliyemfundisha walipokuwa wadogo, na kufika umri wa miaka kumi na mitano mwanafunzi alikuwa ameshampita mwalimu, ingawa hakuna aliyelisema. Mumewe Jaafar, fundi seremala, alimwoa akilijua hilo, na siku ya tatu ya ndoa alimwekea sharti moja tu. "Piga upendavyo, Twaiba. Ila sauti isivuke kizingiti. Sitaki mke wangu asikilizwe na wanaume njiani." Twaiba akakubali, na akalishika neno lake. Mara ngapi walikuja kumwomba akawapigie kwenye arusi, tena za wanawake peke yao, na mara ngapi alikataa! Miaka sita hakuna mwanamume aliyemsikia zaidi ya mumewe na kaka yake.

Kwa hiyo siku ile ya kuchagua, kitu alichokitafuta Twaiba kilikuwa kimoja: amplifaya inayoimba ikiwa chini. Akajifunga buibui lake vizuri, akaketi kwenye kiti cha ukindu, Gedion akamchomekea gitaa kwanza kwenye ile ya mbao. Kijisanduku tu, kimepigwa vanishi, kitambaa cha rangi ya maziwa mbele, vifundo viwili vya kuzungusha. Twaiba aligusa nyuzi kidogo, sauti ndogo ya kumnong'oneza mtoto, na ile sauti ikatoka nzima, hakuna kilichopungua. Akacheka peke yake.

"Sista, hiyo ndiyo yako," alisema Gedion. "Mimi nimefanya hii kazi miaka mob, mingi sana. Hii nyeusi mpaka uifungulie sana ndiyo inaamka, na wewe hutaki kelele. Nyeusi iko tu na hii tundu hapa nyuma, ni ya ku—"

"Ya kusikilizia masikioni," Alfani akamkata kauli.

Gedion alimtazama Alfani, akaitazama sakafu, akakohoa. "Haya. Wewe ndiye mwenyewe."

"Vile vitu vya kuvaa masikioni," Alfani aliendelea, sasa anamgeukia Jaafar, si Twaiba. "Akivivaa, shemeji, hata wewe uliye chumba cha pili husikii kitu. Yeye anasikia peke yake. Sasa hapo kuna sauti ya kuvuka kizingiti?"

Jaafar alipenda. Angeachaje kupenda? Aliitikia kwa kichwa, akasema shemeji yake ni mtu wa kufikiria mbali. Twaiba alijaribu kusema kwamba ile nyeusi ina sauti ya bati, kwamba ile ya mbao ndiyo nzuri kwa kupiga taratibu, lakini wanaume wawili walikuwa wameshaafikiana, na Gedion, aliyejua, alikuwa anakunja turubali lake. Wakaiacha nyeusi. Ile ya mbao ikarudi kwenye pikapu, na Twaiba aliisindikiza kwa macho mpaka kona ya msikiti.

Vitu vya masikioni Alfani aliahidi mwezi ujao. Hapakupita juma akaja na waya.

"Dada yangu, nimekosa usingizi kwa ajili yako," alisema. "Chombo cha zamani, sakafu ya saruji, na mvua hii! Ukipigwa na umeme nitamwambia nini marehemu mama?" Nao waliishi ukuta kwa ukuta. Nyumba ya marehemu baba yao iligawanywa mara mbili, upande huu Twaiba na mumewe, upande ule Alfani, ambaye mkewe alikuwa amesharudi kwao Vanga. Akaazima keekee ya Jaafar, akatoboa ukuta, akapitisha waya kutoka lile tundu la nyuma ya amplifaya mpaka chumbani kwake. Kule, alisema, amekita chuma ardhini chini ya kitanda, pana unyevu wa kutosha. "Huu ni waya wa usalama. Usiuchomoe hata siku moja."

Nani angeuliza? Mwaka ule nusu ya Msambweni ilikuwa na friji za hoteli walizonunua kwa bei ya kutupa, na kila friji ilikuwa na waya wake umechimbiwa ardhini, maana watu walikuwa wameshapigwa shoti. Twaiba aliuona ule waya, machozi yakamlengalenga. Alimshika kaka yake mkono akaubusu. Tangu mama yao afe hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili yake.

Basi akawa anapiga. Kila siku baada ya alasiri, Jaafar akiwa karakanani, Alfani hana kazi amelala chumbani kwake, Twaiba aliwasha amplifaya yake nyeusi, akangoja valvu zishike moto, akapiga mpaka magharibi. Alikuwa na nyimbo nyingi za kucheza nazo tu, lakini mmoja haukuwa wa mchezo. Ulikuwa wa Esha.

Esha alikuwa mtoto wao wa kwanza, na mpaka sasa wa pekee. Aliishi miezi minane. Wimbo ule Twaiba alianza kuutunga akiwa amempakata, gitaa kavu, lisilo na umeme, juu ya mapaja, mtoto katikati, na baada ya kumzika aliuendeleza kidogokidogo kwa miaka mitatu. Hakuupa jina. Mwanzo wake na kati yake alivipigia umeme, lakini mwisho wake hakuwahi. Mwisho aliupiga kwa gitaa kavu, asubuhi, nyumba ikiwa tupu, kwa sababu ndivyo Esha alivyousikia wimbo ulipoanza kutungwa.

Kisha ikaja arusi ya binti wa Mwanaima.

Mwanaima alikuwa jirani wa mtaa wa pili, mwanamke wa maneno na vicheko, na Agosti ya tisini na nane alimwoza bintiye. Siku ya kumpaka bibi arusi hina, Twaiba alikwenda kama walivyokwenda wengine, na chano chake cha vitumbua. Wanawake walijaa ukumbini, leso za kila rangi, udi unafuka. Mwanaima akaenda kwenye redio kaseti.

"Leo hapa hapapigwi kanda nyingine ila ya nyumbani kwetu!" alisema. "Twaiba, mwenzangu, kwa nini hukutuambia? Kaka yako ameivuruga pwani nzima. Ukunda kila kinyozi anayo, Likoni anayo!" Akambandika mkononi kasha la kanda. Juu yake palikuwa na picha ya Alfani, shati la maua, gitaa mkononi, nyuma minazi. Imeandikwa: *Likizo Diani*.

Twaiba alifurahi. Wallahi alifurahi, kwa sauti mbili au tatu za kwanza.

Alikuwa akiisikia mikono yake mwenyewe. Mtu anaweza kukosea uso wake kwenye picha, lakini vidole vyake havikosei. Ule uzi wa tatu unaoteleza kidogo kabla ya kupanda, kwa sababu kidole chake cha shahada kiliwahi kukatwa na kisu cha samaki. Ni yeye. Ni wimbo wa Esha, na chini yake wamebandika ngoma za mashine, tipwi, tipwi, na wanawake wanaukatia viuno.

"Ngoja sasa, ngoja!" Mwanaima alipiga kelele. "Jamani, hapo hapo!"

Na gitaa likasimama katikati ya neno. Ukumbi mzima ukaganda: mikono juu, shingo upande, mmoja mguu hewani, hakuna anayepumua. Moja, mbili, tatu, nne. Gitaa likarudi kwa mbio za kupanda na kushuka, na wote wakaruka kwa vigelegele. Kumbe ndiyo mtindo. Pwani nzima watu walikuwa wanaganda pale kila arusi. "Huo unaitwa msimamo wa Alfani," jirani yake mmoja alimwelezea, anahema. "Mwanamume fundi yule! Nani mwingine angefikiria kusimama pale?"

Nani mwingine, kweli. Twaiba alijua ni kwa nini gitaa lilisimama pale. Ilikuwa adhana ya magharibi. Kila siku, popote alipokuwa katika wimbo, muadhini alipoanza tu, Twaiba alilaza kiganja juu ya nyuzi na kwenda kuswali. Na zile mbio zilizofuata, zile zilizowarusha watu? Alikuwa amerudi kutoka kwenye msala, anazipima nyuzi kama bado zimekaza; kimya chote cha swala Alfani amekikata, akabakisha hesabu nne. Si wimbo hata. Ni mwanamke anakagua gitaa lake.

Kanda ikaishia kwa sauti kufifia, kufifia, mpaka ikatoweka. Bila mwisho. Twaiba akaaga kwamba kichwa kinamuuma.

Nyumbani hakuvua hata buibui. Aliinama nyuma ya amplifaya, akaushika waya wa usalama, akaufuata kwa mkono mpaka ukutani. Akatoka, akazunguka nyumba. Alfani hakuwapo, kaenda Ukunda, na mlango wake haukuwa na kufuli, maana ndugu na ndugu watafungiana nini? Chini ya kitanda hapakuwa na chuma wala unyevu. Palikuwa na redio kubwa ya kunasia sauti, na waya umeingia ubavuni mwake, na kando yake kanda zimepangwa ndani ya sanduku la viatu, kila moja imeandikwa tarehe. Desemba. Januari. Februari, kila siku ya Februari.

Akaketi palepale sakafuni. Kilichomuuma kuliko vyote, na aliona haya kwamba ndicho kilichomuuma kuliko vyote, ni ule mkono alioubusu. Angeiba kanda tu! Angesimama nje ya dirisha akasikiliza kama wezi wengine wasikilizavyo! Lakini amwambie nimekosa usingizi, amtaje marehemu mama, atoboe ukuta kwa keekee ya mumewe, na yeye amshukuru? Alilia kwa hasira mpaka pua ikaziba.

Jaafar aliporudi kutoka karakanani, Twaiba alimweleza yote, hakuacha kitu. Akamwonyesha waya. Jaafar alisikiliza amesimama, vumbi la mbao kwenye nyusi. Naye kanda ile alikuwa nayo, kumbe. Miezi miwili alikuwa anaipiga kazini akiranda milango.

"Una hakika?" aliuliza.

"Jaafar, ni wimbo wa Esha."

Twaiba aliuona uso wa mumewe ukibadilika, akadhani sasa, sasa mume wangu atatoka na nyundo. Jaafar alikwenda akafunga dirisha.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Nini?"

"Ukisema ni wewe, mimi nitasema nini msikitini? Kwamba miezi yote hii mke wangu anachezewa kwenye vinyozi? Kwamba walevi wa Ukunda wamemkatikia viuno? Sasa hivi ni Alfani. Ibakie Alfani. Hayo ni mambo yenu ya ndugu, yamalizeni ndani."

Ebo! Na ile ahadi ya miaka sita? Arusi zote alizozikataa, akaitwa mwenye majivuno? Yeye ndiye aliyetunza kizingiti, na sasa yeye ndiye wa kufichwa. Twaiba alimtazama mumewe, akaona anasubiri chakula. Akapakua. Tangu siku ile mlango mmoja ndani yake ukafungwa, Jaafar asijue mpaka leo.

Alfani akaja baada ya siku nne, jioni. Hakuja mikono mitupu. Alikuwa amebeba kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto, ile amplifaya ya mbao.

"Nimeitafuta mpaka Kinango," alisema. "Gedion alikuwa amewauzia watu wa kanisa. Nikasema dada yangu aliipenda hii, hata iweje ataipata." Akaiweka juu ya meza, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Vanishi ilikuwa imechubuka upande mmoja tu.

Twaiba hakumpa shikamoo. Alfani alisubiri, akaona haiji, akajua.

"Umesikia kanda."

"Nimeisikia."

"Sasa ukasirike nini?" Akaketi bila kukaribishwa. "Wewe ungeufanyia nini ule wimbo? Ungekufa nao humu ndani, ukutani. Mimi nimewaimbia Wajerumani jambo jambo miaka kumi na mmoja, Twaiba. Miaka kumi na mmoja! Sina hata wimbo mmoja ambao mtu ataniulizia. Wewe unao ishirini na huna pa kwenda nao. Nimevitoa vidole vyako nje, vikaona jua. Ungenishukuru."

"Nilikushukuru," alisema Twaiba. "Nilikubusu mkono."

Hapo Alfani aliangalia pembeni. Kisha akasema alichokijia, kwa sauti ya chini, sauti ile aliyomfundishia zamani wakiwa watoto. Hoteli ilikuwa inafunguliwa tena. Jumamosi kulikuwa na sherehe, wakubwa watakuja, watu wa redio watakuja, na wote wanataka *Likizo Diani* ipigwe mubashara. Mwanzo amejifunza, amekesha nao mwezi mzima. Msimamo anaujua. Lakini kwenye kanda sauti inafifia. Jukwaani mtu hafifii, jukwaani wimbo lazima uwe na mwisho, na yeye amejaribu kuutunga akashindwa.

"Najua unao," alisema. "Wewe huwezi kuacha kitu hakijaisha. Nipe mwisho wake tu, dada. Ile nyeusi naondoka nayo, waya nautoa leo leo. Hii ni yako, hukuitaka hii?"

Aliitaka. Lo, hata wakati ule aliitaka, mpaka vidole vilimwasha. Twaiba aliitazama saa ya ukutani. Akaitazama ile amplifaya. Kisha akaichomeka, akawasha, akaketi kwenye kiti cha ukindu na kulipakata gitaa. Wakangoja wote wawili mpaka nyuma ya kitambaa kukawa na wekundu mdogo.

"Sikiliza basi," alisema.

Akaanza mwanzo. Alipiga chini, sauti ya kumnong'oneza mtoto, na kijisanduku kikaitoa nzima, hakuna kilichopungua. Ndiyo sauti ambayo wimbo ulistahili tangu siku ya kwanza. Alfani alifumba macho ili ashike kila kitu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Twaiba alipita mwanzo, akaingia kati, akapita pale uzi wa tatu unapoteleza, akarefusha hapa, akazungusha pale, hana haraka, jicho kwenye saa, kama mama anayengoja wali uive. Wimbo ukakaribia kumaliza kupanda. Alfani aliinama mbele, mkono wa kushoto hewani, vidole vinafuata vya dada yake.

Muadhini akaanza.

Twaiba akalaza kiganja juu ya nyuzi.

Kimya. Mguu wa Alfani ulipiga sakafu: moja, mbili, tatu, nne. Akangoja zile mbio. Mguu ukapiga tena, moja, mbili, na hapohapo ukakoma. Alifumbua macho. Alimtazama dada yake, akalitazama dirisha ambako adhana ilikuwa inaendelea kuingia, taratibu, kama iingiavyo kila siku ya Mungu, na Twaiba aliuona usoni mwake ule msimamo wa Alfani, ulioigandisha pwani nzima, ukimwelea kwa mara ya kwanza.

"Wewe ulikuwa chumba cha pili," Twaiba alisema. "Adhana uliisikia kama mimi. Kila siku ulikuwa unarekodi tu, hukuinuka kuswali hata mara moja."

Alfani aliushusha ule mkono wa kushoto.

"Wimbo wako unaishia hapo, kaka. Uliobaki ni wa Esha." Akachomoa gitaa, akazima amplifaya ya mbao, akaibeba mwenyewe mpaka mlangoni na kuiweka nje ya kizingiti, karibu na viatu vya kaka yake. "Na hii rudisha Kinango."

Kisha akaenda kutawadha.